Mita ya Mosi

Malivanh alikuja Can Tho na mabegi mawili na kikapu cha wali wa kunata, na mwaka mzima hakuuliza swali lolote ambalo lingeweza kumwaibisha mtu. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililotuponza. Sisi watu wa delta tunauliza. Ukikaa nasi kwenye boti robo saa tutajua kama umeolewa, na kama hujaolewa tutajua kwa nini. Yeye ni Mlao wa Savannakhet, amesomea hesabu Hanoi, na kwao mtu akiwa na kidonda unamletea dawa bila kumwuliza nani alimkata.

Kitengo chetu pale chuoni kina ghorofa mbili. Juu wanakaa wanahisabati na feni zao, viatu vyao visafi mwaka mzima. Chini tunakaa wahandisi wa maji, na ukiingia kwetu unapokelewa na harufu ya tope kabla hujaona mtu. Mwalimu Khiem, mkuu wetu, ndiye aliyetuozesha. Alisema wahandisi tunapima bila kufikiri na wanahisabati wanafikiri bila kupima, kwa hiyo serikali ikitaka kujua maji ya bahari yatapanda lini kwenye mifereji, itubidi tulale kitanda kimoja. Ndoa yenyewe ilikuwa na mashauri kila Alhamisi mchana. Tulikula pamoja, samaki wa chunguni na supu chachu, na huko ndiko matusi yote ya wiki yalikosemwa kwa adabu.

Mimi naitwa Saba. Huku tunaitana kwa namba ya kuzaliwa, na mtu anaweza kufa jirani zake hawajawahi kulijua jina lake la kwenye kitambulisho. Mimi ndiye niliyemtafutia Malivanh chumba, kwa mama yangu mdogo, Bi Tano, mjane anayelima maua ya manjano ya Tet, mwaka mpya wetu wa mwezi mwandamo, kando ya mfereji wa Rach Sen. Mwanzoni Bi Tano hakufurahi. "Mlao wa hesabu?" aliniambia. "Nitaongea naye nini mie, kujumlisha?" Lakini mwezi haujaisha akaanza kumsifia kwa kila mtu. Kila mwezi mpevu yule mgeni alikuwa anakwenda kwenye madhabahu ya nyumba, ambako kuna picha ya marehemu mume wa Bi Tano, anaweka tonge la wali wa kunata lililofungwa kwenye jani la mgomba, anapiga magoti na kunong'ona kitambo.

"Wanangu mwenyewe hawamkumbuki baba yao hivyo," Bi Tano alikuwa akisema, kwa sauti ambayo wanawe waliipata hata kwa simu.

Kazi ya Malivanh ilikuwa mfereji huohuo wa Rach Sen. Kiangazi bahari hupanda na chumvi yake, na ikifika kwenye pampu za bustani za matunda kule juu, miti hukauka. Mdomoni pa mfereji kuna lango la maji. Ukilifunga mapema, chumvi haiingii, lakini boti nazo hazitoki, na barabara ya kule ni ya pikipiki tu. Boti zenyewe ndizo zinazobeba maua kwenda soko la Tet. Kwa hiyo kila mwaka kuna ugomvi: watu wa matunda wanataka lango lifungwe, watu wa maua wanataka liwe wazi, na kamati ya mkoa inataka mtu wa kumlaumu. Mwaka ule kamati ilisema, basi, chuo kitoe tarehe.

Kikosi chetu cha upimaji kilikuwa kimesimika mita za chumvi nane kutoka mdomoni kwenda ndani, kila moja kilomita nne kutoka kwa mwenzake. Mkuu wa kikosi, Kaka Sita, ni mtu mnene mwenye sauti ya spika ya mnadani, na kila nguzo aliipaka namba yake kwa rangi nyekundu. Mita hutuma vipimo vyake chuoni zenyewe. Vikafika ghorofa ya juu kwenye kompyuta ya Malivanh, na ghorofa ya juu hakuna aliyewahi kuhitaji kulowa. Ramani ya nguzo ilikuwepo. Ilikuwa chini kwetu, ukutani, nyuma ya makoti ya mvua.

Alhamisi moja Kaka Sita alimwinukia na kijiko mkononi.

"Dada Malivanh, hebu niambie. Huo mfereji wako aliyeupiga deki ni nani?"

"Kwa nini, kaka?"

"Nimeona matokeo yako. Sakafu ya mfereji laini kama ya hospitali! Rach Sen ninayoijua mie ina mizizi, ina matairi, ina pikipiki ya shemeji yangu."

Meza nzima ilicheka. Malivanh naye alicheka, mkono mdomoni. "Hesabu ndizo zinazotaka hivyo," alisema. "Nikiweka sakafu yenye mizizi, chumvi inachelewa, hailingani na ya mwaka jana."

"Na ukiweka vigae?"

"Inalingana."

"Zikilingana zimelingana," alisema Mwalimu Khiem. "Sita, kula samaki wako."

Nakumbuka nilitazama ile namba ya ulaini wa sakafu na sikuipenda. Lakini na mimi nilicheka, na samaki alikuwa mtamu.

Tarehe ikatoka. Kwa hesabu za Malivanh chumvi ingefika kwenye pampu mapema, kwa hiyo lango lifungwe tarehe ishirini ya mwezi wa mwisho. Boti za maua huanza kutoka tarehe ishirini na tatu. Huwezi kuzitoa mapema, maua yanakuwa hayajafunua macho. Na ukizitoa baada ya Tet, umebeba majani ya mbuzi. Bi Tano alikuwa na vikapu vya maua vimejaa kwenye vichanja vyake juu ya maji, safu kwa safu. Vilikuwa ndiyo mwaka wake mzima.

Malivanh hakumwachia asikie kwa jirani. Alimwambia mwenyewe, wakati wa chakula, vijiti vya kulia mkononi. Nilikuwepo.

"Bibi, lango litafungwa kabla ya maua yako. Hesabu ni zangu."

Bi Tano alitafuna, akameza. "Umezikagua?"

"Mara nyingi."

"Basi utafanyaje? Chumvi haina adabu, ikija inakuja. Kula, umekonda." Kisha alitoka nje na sikumwona akirudi mpaka nilipoondoka. Malivanh hakula.

Siku chache baadaye ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mume wa Bi Tano. Kwetu siku hiyo hukosi, uwe na huzuni, uwe na hasira. Wanawe wote walikuja: Pili, binti mkubwa, na watoto wake, Tatu na Nne kutoka viwandani Saigon. Kaka Sita alikuja kwa sababu ni jirani na kwa sababu palikuwa na bata. Mchana ule nyumba ilijaa moshi wa ubani, na watoto wakawa wanapita chini ya meza.

Malivanh aliingia kutoka jikoni na matonge mawili ya wali, si moja. Aliyaweka kwenye madhabahu. Kisha akamgeukia Bi Tano na kusema, taratibu kabisa, kama mtu anayemwamsha mgonjwa:

"Bibi, nisamehe. Mwaka mzima nimekaa kwako sijauliza. Leo familia yote ipo, naomba nijue jina lake."

"La nani?"

"La mwanao wa kwanza. Mosi."

Bi Tano alitazama kushoto na kulia. "Mosi yupi?"

"Aliyefariki."

Sisemi uongo, kipande cha bata kilichokuwa kwenye vijiti vya Kaka Sita kilianguka mezani.

"Mwanangu," alisema Bi Tano, "mimi sijazika mtoto. Wa kwanza wangu si huyu hapa, Pili?"

"Pili ni wa pili..."

"Pili ni wa kwanza! Huku tunaanza na Pili!"

Hapo nyumba ililipuka. Nne alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Wa kwanza huku hatumwiti Mosi, ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Wengine husema namba hiyo ni ya mkuu wa kijiji, wengine husema ni kuwapoteza mapepo yanayopenda vifungua mimba. Mimi sijui, na sijawahi kumwona mtu wa delta anayejali kujua. Tunaanza na Pili kama watu wengine wanavyoanza kula kwa supu.

"Sasa we Dada," Kaka Sita alisema, akijifuta machozi, "ulidhani Mosi wote wamekwenda wapi?"

"Nilidhani ni vita," alisema Malivanh. "Nilidhani vita vilimaliza vifungua mimba wenu. Kila nyumba niliyoingia, Pili, Tatu, Nne. Hakuna Mosi popote. Niliona vibaya kuuliza."

Kicheko kilikatika. Ilikuwa aibu ya ghafla, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa sala na viatu. Maana huyu mtu alikuwa ametembea mwaka mzima katika mji wetu akituona sote wafiwa, akitusalimia kwa upole ule wake, na sisi tulidhani ni ugeni tu. Bi Tano alitazama matonge ya wali kwenye madhabahu na nilimwona akiyahesabu yote ya nyuma.

Lakini Malivanh hakuwa akimtazama Bi Tano tena. Alikuwa akimtazama Kaka Sita.

"Kaka. Mita zako. Ya Mosi ilizama lini?"

"Mita ya Mosi ipi? Mita zangu zote wazima. Pili mpaka Tisa, watoto wanane, nimewapaka rangi mwenyewe."

"Na Pili amesimama wapi?"

"Mdomoni! Mlangoni kabisa pa lango. Angesimama wapi, si ndiye mkubwa?"

Malivanh alikaa chini kwenye kiti cha mtoto.

Alitueleza palepale, na wanawe Bi Tano wakisikiliza. Alipopokea vipimo na kuona vinaanza na Pili, alijua Mosi, ya mdomoni, imepotea mtoni. Mita moja ni mshahara wa miezi. Akiuliza, Kaka Sita angekatwa. Kwa hiyo alifanya kile wanachofanya wanahisabati wakiona shimo: alilijaza. Alikadiria mita ya Mosi ingesema nini, akaiweka mdomoni, na wengine wote akawasogeza ndani hatua moja. Chumvi iliyokuwa langoni, kwenye kompyuta yake ilikuwa imeshapanda kilomita nne. Vipimo vya mwaka jana vilipokataa, alilainisha sakafu mpaka vikakubali.

"Vigae!" alisema Kaka Sita. "Si nilisema? Nilisema vigae!"

"Ulisema, kaka."

"Na kwa nini hukuniuliza tu? Miye unaniogopa nini, mtu ninayelilia hata filamu?"

"Sikutaka ukatwe mshahara."

Kaka Sita alisukuma sahani ya bata pembeni. Mara ya kwanza namwona hivyo.

Bata hakuliwa na sisi. Mchana uleule tulipanda boti ndogo, sisi watatu, mpaka langoni, na Malivanh aliinama akaishika nguzo kwa mkono. PILI, rangi nyekundu. Hapakuwa na nguzo nyingine mbele yake, ni mto mpana tu na magugu yanayoelea. Siku iliyofuata alirudia hesabu. Sakafu ilirudi kuwa na mizizi yenyewe bila kulazimishwa, na tarehe ya chumvi ikasogea mbele: ingefika kwenye pampu baada ya Tet. Maua yangeweza kupita.

Kilichobaki kilikuwa kuiambia kamati, na barua yenye tarehe ishirini ilikuwa imeshapigwa muhuri. Mwalimu Khiem alituita ofisini kwake. Si mtu mbaya. Ana kitengo cha kulinda, na ndoa ambayo nusu ya chuo ilikuwa ikisubiri ivunjike.

"Tuseme mita zilikuwa na hitilafu, zimerekebishwa," alisema. "Mita haioni aibu."

"Mita zangu hazina hitilafu," alisema Kaka Sita.

"Najua, Sita. Nazungumzia lugha."

Malivanh alikuwa na mikono mapajani. "Mwalimu, nikisema mita, mwakani watamwondoa Kaka Sita. Na watu wa matunda wataona tumehongwa na watu wa maua. Naomba niseme mwenyewe."

"Mkataba wako unaisha mwezi wa sita. Unajua anayeuandikia maoni ni kamati?"

"Najua."

Basi alisimama mbele ya kamati, na watu wa matunda upande huu, watu wa maua upande ule, Bi Tano miongoni mwao na mwavuli magotini. Aliongea Kivietinamu chake cha Hanoi, cha kusoma redio. Hakujificha. Alisema: niliweka mita isiyokuwepo, tarehe niliyowapa si sahihi, lango lisifungwe mpaka baada ya Tet. Mtu mmoja wa matunda alisimama na kupiga kelele kwamba leo ni hivi, kesho vile, huyu Mlao anatuchezea na miti yetu. Na hakuwa na makosa kuogopa. Hesabu iliyokosea mara moja, utaiamini vipi mara ya pili?

Mwenyekiti, mzee mwenye miwani minene, aliuliza, "Ulipataje kuweka kitu kisichokuwepo?"

Akaeleza. Akaeleza na vifungua mimba. Ukumbi ulicheka kama ilivyocheka ile nyumba, na ukanyamaza kama ilivyonyamaza.

"Mimi ni Pili," alisema mwenyekiti mwishowe. "Kwa hiyo mwaka mzima, ukinipita kwenye ngazi na kuniinamia vile, ulikuwa unampa pole ndugu yangu?"

"Ndiyo, baba."

Mzee alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. "Lango libaki wazi," alisema. "Lakini wewe hutarudi ghorofani. Utalala kwenye kibanda cha lango. Kila maji yakijaa utakwenda na boti kupima pale kwenye pampu, kwa mkono wako, na mtu wa matunda akiwepo. Chumvi ikigusa, wewe ndiye utakayesema funga, maua yawe yamepita au hayajapita."

Hivyo ndivyo mwanahisabati wetu alivyolowa. Kaka Sita alimpa buti, kubwa mno, akazijaza magazeti. Kila maji yakijaa walikwenda, yeye, Kaka Sita na yule mtu wa matunda aliyepiga kelele, anayeitwa Nane, ambaye siku ya kwanza hakumpa hata salamu. Alikuwa akimnyang'anya kipimo na kukisoma mwenyewe. Siku ya tatu alimletea chungwa. Aliliacha kwenye benchi la boti.

Mimi nilikuwa nikipita jioni kumpelekea chakula, na nilimkuta amekonda na macho mekundu. "Dada Saba," aliniambia, "nikifumba macho naona miti ya Nane imekauka. Nikifumbua naona maua ya Bibi." Nilimwambia asifumbe wala asifumbue, ale. Lakini na mimi sikulala vizuri siku zile. Ni mama yangu mdogo.

Tarehe ishirini na tatu boti zilianza kutoka. Zilipita chini ya lango moja moja, zimejaa manjano mpaka maji yakakaribia ukingo wa boti, na wenye boti wakampungia mkono yule mtu wa buti kubwa pale juu. Bi Tano alipita wa katikati. Hakupunga. Alisimamisha boti chini ya lango, wenzake wakampigia honi nyuma, naye akapaza sauti:

"Wee! Mwaka mzima pale madhabahuni ulikuwa unamwambia nini huyo mwanangu?"

Malivanh aliinama juu ya ukingo. Honi zikaendelea.

"Nilimwambia mama yake mzima," alisema. "Kwamba anakula vizuri. Kwamba anakohoa kidogo asubuhi, lakini asiwe na wasiwasi, nipo."

Bi Tano alitazama mbele. "Twende," alimwambia mwanawe kwenye injini, na boti ikaondoka.

Chumvi ilikuja Tet ilipokwisha, siku mbili mapema kuliko hesabu mpya zilivyosema. Nasema ukweli ili msidhani tumekuwa manabii. Nane ndiye aliyesoma kipimo, akamtazama, na Malivanh akasema "Funga," na Kaka Sita akapiga simu, na lango likashuka. Miti haikuguswa. Mkataba wake uliongezwa mwaka mmoja, si miwili alioomba, na maoni ya kamati yalikuwa na mstari mmoja wa sifa na mitatu ya karipio. Siku hizi wanahisabati wote wa juu hupelekwa mtoni kabla ya kupewa kiti. Wanalalamika sana. Na Kaka Sita amesimika mita ya tisa mbele ya lango, mtoni kabisa, kwa sababu Malivanh alimwonyesha kwamba ingetupa onyo la mapema. Amekataa kuipaka namba mpaka sasa, anasema anafikiria.

Jioni aliyorudi kutoka kibandani nilikuwa jikoni kwa Bi Tano. Kina Tatu na Nne walikuwa bado hawajarudi Saigon, Pili alikuwepo na wanawe, meza imepangwa. Malivanh alivua buti mlangoni, magazeti yakamwagika, akapita moja kwa moja kwenda chumbani kwake ili asisumbue familia, kama kawaida yake.

"Mosi!" aliita Bi Tano, akipakua. "Njoo ule."

Malivanh alisimama. Aligeuka nyuma, akatazama mlango, akatazama madhabahu, kuona ni nani anayeitwa.

"Wewe," alisema Bi Tano, bila kuinua macho kwenye sufuria. "Wali unapoa."